Acha Nafasi

Miaka kumi na mmoja nilimpigia taipu
Mheshimiwa Ndahani Masinjisa,
chumba cha uani, Makole, dirisha la wavu,
upepo wa Agosti ukiingiza mchanga hadi kwenye utepe wa wino,
kila herufi e ikatoka imeziba jicho.

Asubuhi alikuwa bungeni, suti ya kijivu.
Jioni alivua viatu, akawa mwandishi:
anatembea huku na huku akitamka kitabu chake
juu ya taifa, nami namfuata kwa vidole kumi
na karatasi mbili za kaboni.

"Andika. Kiswahili kilitufundisha siasa
kabla hatujaijua siasa.
Tazama: watu wale wawili wazuri wamefika.
Neno moja limetangulia,
mengine yamevaa kofia yake bila kugombana.
Upatanisho huo. Taifa ni sarufi, Theodora."

Nikaandika. Kisha, nikigeuza karatasi:
"Na nani alipiga kura neno lipi litangulie?"

Alicheka mpaka akakohoa.
Siku mbili hakukanyaga chumba cha uani.

Ya tatu alikuja na zabibu za Mpunguzi ndani ya gazeti,
akakaa, naye hakuwa mtu wa kukaa,
akasema, "Nipe neno la kwenu. La mvua."

Kwetu ni Farkwa. Bibi yangu, Msandawe,
mvua aliiita kwa ulimi uliobanduka kaakaani
kama kizibo,
kama kijiti kikavu chini ya kwato za swala.
Nikamtamkia. Akajaribu. Akajaribu tena,
mwakilishi wa wananchi, mate yakamrukia tai.
"Haya, liandike."

Nikaitazama taipu. Herufi zote zilikuwepo,
hata nukta mkato ambayo hakuna aitumiaye,
ila kitufe cha kubanduka vile hakikuwepo.

Nje mtu alikuwa ananadi mlenda mkavu.
"Acha nafasi," akasema.
"Nitaijaza kwa mkono."

Ndivyo ilivyoanza. Sura ya nne, nafasi moja.
Sura ya tano, tatu:
ya Mburunge wa Goima aliyemuuliza mnadani
"mwenzetu" huanzia kijiji gani;
ya mwanamke wa Kondoa ambaye jina lake
karani wa daftari la wapigakura alilinyoosha kama shati;
na yake mwenyewe, Mgogo wa Mvumi,
kwa neno la mama yake wakati wa njaa,
neno ambalo Kiswahili hulikaribisha mlangoni
halafu kikalikosea kiti.

Bungeni walimcheka. Mmoja alisimama kutoa taarifa:
kitabu chenye mashimo, Mheshimiwa Spika,
kitavuja.
Alijibu kwa ubeti. Ninao, nakala ya kaboni:

*Taifa siyo uzio, wa miba ya kufungia,*
*wala siyo kimbilio, mvua ikikimbia,*
*ni neno lenye sikio, lisemapo lasikia,*
*hata wa mbali kilio, chake kinatufikia.*

Wakapiga meza. Kisha wakaendelea na bajeti ya maji.

Sikukubaliana naye kila siku. Alipenda mno neno "sote",
alilitumia kama mtu anayemwaga chumvi bila kuonja.
Mara nyingine nililiruka kwa makusudi;
akisoma, akilikosa, alinitazama tu
na kuendelea.

Alifariki Machi, mvua zikisitasita.
Wachapishaji walikuja kuuchukua mswada,
kijana mmoja akaupekua kwa kidole kilicholowa mate.
"Mapengo haya, mama, ni makosa ya mpiga chapa?"

Nilimwambia ndipo mahali pekee
alipoandika bila kunitamkia.

Hakuelewa. Akafungua ukurasa wa tisini
kutafuta mwandiko.
Pengo moja tu ndilo lililojazwa, kwa penseli:
amechora sikio, baya kabisa,
kama kipande cha boga.

Mengine bado meupe.
Ukiuinamisha mswada, mchanga wa Makole
unamwagika kutoka humo.